Mshiriki wa Tano

Wiki ya kwanza darasani, Afande aliwahesabu wenzake mara tatu kwa siku. Hakukusudia. Miaka kumi na miwili ya uaskari katika gereza la wanawake si koti la kuvua mlangoni, na kila alipoingia chumbani macho yake yalianza kazi yenyewe: mmoja, wawili, watatu, mpaka kumi na tisa, wote wapo, hakuna aliyetoroka. Kisha alikaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo ukutani, uso mlangoni. Vijana wa darasa lile, ambao wengi wao angeweza kuwazaa kama angeanza mapema, walipogundua tabia hiyo walicheka mpaka machozi wakampa jina la Afande, naye akalipokea bila ubishi kwa kuwa ndilo aliloitwa kwao pia. Profesa akichelewa, mmoja wao aligeuka nyuma na kuuliza, "Afande, tumetimia?"

"Kumi na wanane," alijibu. "Mmoja yuko chooni."

Alikuwa amekuja nchi ya watu kwa ufadhili, kusomea kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, shahada ya uzamili. Mama yake aliwatangazia majirani kwamba binti yake amekwenda ng'ambo kusomea uhalifu, na jirani mmoja akampa pole. Lugha ya wenyeji Afande aliimudu, ila lafudhi yake ilimtangulia mlangoni, na dukani alilazimika kusema kila kitu mara mbili. Hayo hayakumkera. Alikuwa na chumba chenye dirisha moja, kitanda, meza, na taa ya kusomea iliyopinda shingo. Alikuwa na kadi ya maktaba. Alishukuru kwa vitu hivyo kila asubuhi kwa sauti, kimoja kimoja, na mwanafunzi wa chumba cha pili akadhani ana mgeni.

Sababu ya kuja ilikuwa aibu. Mwaka mmoja kabla, akiwa kwenye foleni ya zahanati, mwanamke mmoja alimgusa bega akasema, "Afande, hujambo? Mimi nimeshatoka." Afande alimtambua palepale. Alijua jino gani lilikuwa likimsumbua, alijua barua zake zilitoka kwa nani na zilikoma lini. Lakini kilichomjia mdomoni kilikuwa namba yake ya kifungo, mia moja na kumi na nne. Jina hakuwa nalo. Miaka sita amemfungia na kumfungulia, na jina hana! Yule mama aliliona hilo usoni mwake, akacheka kwa upole, akasema, "Si kitu," akarudi kwenye foleni. Angemtukana, Afande angelala usingizi. Upole ule ndio uliomnyima usingizi, na ndio uliomfanya ajaze fomu za ufadhili.

Basi alipofika chuoni na kuambiwa achague jambo la kuandikia tasnifu, hakusita. Angeandika juu ya maisha ya ndani ya gereza kama yanavyokumbukwa na waliowahi kuwa humo. Alitafuta mjini mpaka akapata karakana moja ya ushonaji ambako wanawake saba, wote waliowahi kufungwa, walishona mapazia ya hospitali. Kiongozi wao walimwita Fundi, mama wa miaka hamsini na ushee aliyekaa ndani miaka tisa, mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na breki. Siku ya kwanza Afande alijitambulisha bila kuficha.

"Nilikuwa askari wa gereza kwetu," alisema.

Fundi alimtazama kutoka kwenye viatu mpaka kichwani. "Nilishajua. Umeingia hapa ukatazama madirisha kwanza. Karibu. Leo zamu ya kuulizwa ni yetu, au sisi tunajibu tu kama zamani?"

Walijibu, tena kwa ukarimu. Kwa miezi miwili Afande alikuja na kinasa sauti chake, mmoja mmoja wakakaa naye kwenye chumba cha vitambaa, wakasema. Aliyesema vizuri kuliko wote alikuwa Mama Pacha, mwanamke mkimya wa kona ya nyuma, aliyejifungua mapacha akiwa kifungoni. Alizungumza saa mbili na robo bila kuinua sauti. Afande aliporudi chumbani kwake kuyaandika, alilazimika kusimama mara nne na kwenda kunawa uso. Tasnifu nzima ilikaa juu ya maneno ya mama yule.

Sasa sikiliza kosa, na ukitaka kucheka, cheka, kwa sababu mtu mwingine yeyote darasani mle asingelifanya. Sheria ya utafiti ilikuwa wazi: jina la mhojiwa haliandikwi popote. Kila mtu anapewa namba, Mshiriki wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa Saba, na karatasi yenye majina hufungiwa kabatini peke yake. Afande alikuwa ameisoma sheria hiyo na kutia sahihi. Lakini alipokaa kuandika sura ya kwanza na kufika penye kuandika "Mshiriki wa Saba," mkono uligoma. Alikuwa amevuka bahari kukimbia namba! Akajiambia ataweka majina kwanza, kwa heshima, na mwishoni kabisa atayabadilisha. Akaandika majina, la kwanza, la baba na la ukoo, ya wote saba, kurasa thelathini na moja.

Kurasa hizo alizituma kwenye printa ya koridoni ili azisahihishe kwa kalamu. Printa ikakwama, kama kawaida yake. Afande akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi, akaondoka kwenda darasani akijua imekufa. Nusu saa baadaye ikafufuka. Aliyezikuta zile kurasa ni karani wa idara, mama mpole aliyejua siku za kuzaliwa za wanafunzi wote. Alizisoma ili ajue ni za nani. Kwenye ukurasa wa nne akakutana na jina la Mama Pacha, na roho ikamruka, kwa sababu jina hilo alikuwa akiliona kila siku kwenye sanduku la barua. Walikaa jengo moja. Yeye ghorofa ya tatu, Mama Pacha ya pili.

Karani hakumwambia mtu. Alikunja zile kurasa, akazitia kwenye bahasha, akampelekea profesa aliyemsimamia Afande. Profesa huyo alikuwa mtu wa sauti ndogo na kalamu nyekundu kubwa. Alimwita Afande ofisini, akaweka bahasha mezani.

"Ni zako?"

"Ni zangu, Profesa."

"Kwa nini umeandika majina?"

Afande alieleza, tangu zahanati mpaka printa. Hakupunguza. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nimekuelewa," alisema. "Na ni lazima nikupeleke mbele ya kamati ya maadili. Ila nitakaa upande wako wa meza."

Kweli alikaa upande wake. Kamati ilikuwa na watu watano, jagi la maji na saa ya ukutani, na haikuchukua hata nusu saa. Afande angerudi kwa wanawake wote saba na kuwaambia kilichotokea, pamoja na nani kasoma. Kila mmoja angeulizwa upya kama anakubali kubaki, kwa maandishi, bila kubembelezwa wala kutishwa. Wakibaki watano, utafiti unaendelea. Wakipungua, unafungwa. Na muhula ulikuwa umebakiza wiki tisa. Kutafuta washiriki wengine hakukuwa na muda. Utafiti ukifungwa, ufadhili unakwisha, na ufadhili ukikwisha, kibali cha kuishi kinakwisha nao. Angerudi kwao mikono mitupu, kwenye magwanda yaleyale na funguo zilezile.

Alikwenda karakanani Alhamisi saa nne asubuhi. Njiani alijipa moyo kwa ile methali kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama, ila methali haisemi mtu achutame vipi mbele ya wanawake saba wenye mikasi. Mashine zilikuwa zikiunguruma, mapazia ya kijani yamejaa meza ya kukatia. Alisimama katikati ya chumba, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma.

"Afande," Fundi alisema bila kuinua macho, "ukisimama hivyo nasikia harufu ya asubuhi ya ukaguzi. Kaa."

Akakaa. Akaomba wazime mashine. Wakazima. Kisha akasema yote: kwamba aliandika majina yao akijua hairuhusiwi, kwamba karatasi zilitoka hadharani, kwamba karani wa idara alizisoma. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kumwomba mfungwa radhi, hata alipokanyaga mguu wa mtu gizani, na neno lenyewe lilikuwa zito kutoka.

"Naomba radhi," alisema. Halafu akamgeukia Mama Pacha, kwa sababu lake lilikuwa na la ziada. "Dada, huyo karani anakaa jengo lenu. Ghorofa ya tatu. Anakufahamu. Ameapa mbele ya profesa wangu kwamba hatasema, na mimi namwamini, lakini anajua."

Mmoja wa wanawake, binti mdogo kuliko wote, alisimama, akachukua mkoba wake, akasema, "Mimi mnitoe. Nilijua tu," akaondoka na mlango ukajibamiza. Mwingine akatikisa kichwa na kusema mume wake hatataka, samahani, bora aachane na hayo mambo. Afande akasema sawa, akaandika. Fundi akavuta fomu yake akatia sahihi kubwa ya kuvuka mstari.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Mimi jina langu lilishatoka gazetini na picha juu. Karani mmoja atanifanya nini?"

Watatu wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, mmoja akinung'unika, mmoja akitaka kwanza kujua kama yule karani ana mdomo. Sahihi nne. Akabaki Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa amekunja pazia magotini mwake na kulilainisha kwa kiganja. "Nikikataa," aliuliza, "unafanyaje?"

"Nafuta sauti yako hapahapa, huku unaona. Karatasi zako nakupa mkononi. Kwenye tasnifu humo hutakuwamo."

"Na wewe inakuwaje?"

Hapo ndipo shetani alipokaa kiti cha jirani. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Afande alikuwa na ujuzi zaidi ya huo. Alijua kumfanya mtu aseme ndiyo bila kuinua sauti. Unanyamaza kidogo. Unapumua. Unasema, "Mimi sikulazimishi, ila..." na hiyo "ila" inafanya kazi yote. Alikuwa ameitumia mara ngapi kule kwao, kwa wanawake waliokuwa na uso kama huu? Angetaja ufadhili tu. Angetaja mama yake tu. Sahihi ingepatikana kabla chai haijapoa.

"Hilo ni langu, dada," alisema. "Wewe jibu la kwako."

Mama Pacha akaacha kulilainisha pazia. "Wanangu wana miaka kumi na minne," alisema hatimaye. "Hawajui walizaliwa wapi. Nataka niwaambie mimi, siku nitakayotaka mimi. Basi, hapana."

"Sawa."

Akatoa kinasa sauti, akakiweka mezani baina yao, akatafuta ile saa mbili na robo, akabonyeza. Kinasa kikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. Kisha akatoa kurasa kumi na moja zenye maneno ya Mama Pacha, ndizo bora alizowahi kuandika maishani, akampa kwa mikono miwili. Moyo ulimuuma kama jino, na hakujifanya kwamba haumuumi.

Mama Pacha alizitazama zile karatasi. "Basi? Hunibembelezi?"

"Sikubembelezi."

"Mimi," alisema Mama Pacha, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapanda kidogo, "tangu nilipokamatwa, sijawahi kumwambia mtu wa serikali hapana akaniambia sawa. Kumbe inawezekana." Akaziweka karatasi ndani ya mkoba, akafunga zipu.

Fundi, ambaye alikuwa akihesabu kwa vidole, akakohoa. "Tumebaki wanne. Hao wakubwa zako wanataka wangapi?"

Sheria ilimkataza kuwabembeleza, haikumwambia adanganye. "Watano."

"Na wakiwa wanne?"

"Narudi kwetu."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mama Pacha alikuwa ameinuka. "Mbona hukuniambia? Lete hiyo fomu!"

"Hapana, dada."

"Nimesema lete! Nikufukuze mimi masomoni?"

"Ningekuambia, ungesema ndiyo kwa kunionea huruma, na miezi sita baadaye ungekuwa unalala macho wazi ukimwaza karani. Hapana yako nzuri. Iache hivyohivyo." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likatoka nusu. "Nimefika mbali, wenzangu. Nimesoma vitabu ambavyo sikujua kama vipo. Nimewajua nyinyi. Nashukuru, kweli nashukuru. Liwalo na liwe."

Alianza kukusanya fomu zake. Fundi alimwangalia kwa jicho moja, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Hebu nisaidie mimi nisiyefika chuo. Utafiti wako unahusu nini?"

"Maisha ya ndani ya gereza, yanavyokumbukwa na waliowahi kuwa humo."

"Wewe ulikuwa wapi miaka kumi na miwili? Sokoni?"

Wanawake wakacheka. Afande hakucheka, kwa sababu alikuwa hajaelewa.

"Mimi nilikaa tisa," Fundi aliendelea. "Huyu minne, yule miwili na nusu. Hapa hakuna aliyekaa ndani kukuzidi! Ulikula kwa kengele, ulilala kwa kengele, ulivaa nguo usizochagua. Sisi tutakuhoji. Tukuandike."

Afande alikwenda chuoni karibu mbio. Profesa alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, koti mkono mmoja ndani na mmoja nje. Akarudi mezani, akafungua faili, akasoma kifungu kile cha washiriki mara mbili kwa kidole.

"Kinasema mtu mzima aliyewahi kuishi au kufanya kazi ndani ya kuta za gereza," alisema. "Mwenyewe uliandika hivi mwezi wa kwanza. Hakisemi asiwe na magwanda. Wala watafiti waliojiandika wenyewe si wageni katika fani yetu. Lakini usijihoji, watakutafuna. Akuhoji mtu mwingine, na fomu ujaze kama kila mtu." Akavaa mkono wa pili wa koti. "Nitazungumza na kamati kesho asubuhi."

Alizungumza nao, na alizungumza sana, karani akasema sauti ile ndogo ilisikika mpaka koridoni. Kamati ikakubali kwa barua ya mistari sita. Afande aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya karani, na karani, ambaye tangu siku ya printa alikuwa akimkwepa kwa haya, akatoka nyuma ya meza akamkumbatia.

Jumatatu alikaa kwenye chumba cha vitambaa, kwenye kiti ambacho wale saba walikuwa wamekikalia kwa zamu. Kilikuwa kifupi, hakujua. Mtu akikikalia, magoti hupanda na lazima amtazame anayeuliza kutoka chini. Miezi miwili amewaketisha hapo watu wazima! Akaomba radhi kwa hilo pia, na Fundi akamwambia radhi zake azipange foleni, leo kuna kazi. Fundi alivaa miwani ya kushonea, akashika fomu, akaisoma neno kwa neno kama hakimu.

"Una haki ya kukataa swali lolote. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuinuka na kuondoka wakati wowote, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Umeelewa?"

Afande alikuwa amewasomea wanawake saba maneno hayo, harakaharaka, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Hakuwahi kusomewa. "Nimeelewa."

"Tia sahihi."

Akatia. Fundi akawasha kinasa sauti, akafungua karatasi yake ya maswali aliyoiandaa siku mbili, akaikodolea macho, akagundua miwani ya kushonea, iliyosoma herufi za chapa za fomu, haisomi mwandiko wake mwenyewe. Wakati akihangaika kuisogeza na kuirudisha, Mama Pacha, aliyekuwa amekuja na pazia lake la kupinda akakaa kwenye marobota ya kitambaa karibu na dirisha, aliinua kichwa.

"Mimi simo kwenye utafiti," alisema, "lakini nina swali. Naruhusiwa?"

"Muulize mwenyewe," Fundi alisema.

"Uliza, dada," Afande alisema.

"Siku ya kwanza kabisa ulipofunga mlango kwa nje, na watu wako ndani. Mkono wako ulikuwaje?"

Afande alikuwa ameulizwa maswali mengi katika maisha yake ya kazi: wangapi wapo, wangapi wanaumwa, funguo ziko wapi, nani kaacha taa. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza, si mkuu wake, si mume aliyekuwa naye, si mama yake mzazi, na yeye mwenyewe hakujiuliza. Alitazama mkono wake wa kulia juu ya goti lile lililopanda juu. Alijua kwamba angeweza kukataa, na kwamba wangemwambia sawa. Shukrani ilimjaa kifuani hadi ikauma.

"Ulitetemeka," alisema. "Nikauficha mfukoni."

"Wafungwa wasiuone?"

"Wafungwa waliuona. Mmoja wao aliniambia kupitia kwenye kidirisha, 'Pole, mwanangu, utazoea.'" Machozi yalikuwa yakimtoka sasa na hakuyafuta. "Niliuficha askari wenzangu wasiuone. Na kweli nilizoea, dada. Nilizoea ndani ya wiki moja."

Fundi alishusha karatasi yake. Hakuna aliyemharakisha.

"Endelea," alisema Mama Pacha, "ukitaka."

Akataka, akaendelea.